Siku Saba za Kuishusha Presha ya Babu

Jumatatu, 29 Aprili

Mansura nzima hakuna kichwa kama changu. Anayebisha alete chake, tuvipime kwenye mizani ya muuza matikiti. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Mwalimu wa hesabu alitamka kwa mdomo wake mbele ya darasa kwamba kwangu amenyoosha mikono. Miaka kumi na saba, kifua hiki, nywele hizi, na leo, tangu saa nne asubuhi, mimi Shauki ni mtaalamu wa lishe.

Ilivyokuwa ni hivi. Mama alinituma nimpeleke Babu Metwali kituo cha afya akapimwe presha. Mia na sitini! Bi Ibtihali, muuguzi wa mambo ya vyakula, akashika kiuno. Akamkumbusha Babu kwamba mwaka jana siku ya Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko, alijilia fesikhi sahani mbili, akalala hospitali siku nne na mipira puani. Akamwambia mwaka huu akiwagusa tena wale samaki wa kuozea kwenye chumvi, asiletwe kwake, apelekwe moja kwa moja kwa mchimba kaburi. Babu akajibu kwamba mchimba kaburi ni rafiki yake, na fesikhi anazipenda vilevile.

Shamu Nasimu ni Jumatatu ijayo. Mji mzima utakuwa kwenye majani kando ya Nili, na harufu ya fesikhi itafika mpaka Kairo. Babu ana miaka sabini na minne. Moyo wake, kasema Bi Ibtihali, si wa kuchezea.

Ukutani nikaona tangazo. Siku hiyo kituo kitaweka meza bustanini ya kuwapa watu ushauri wa chakula, wanatafutwa wa kujitolea. Kizibao cha buluu! Kitambulisho shingoni chenye jina na picha! Nafasi imebaki moja. Nikamwambia Bi Ibtihali anipe siku saba, nitamshusha Babu hadi mia na arobaini, naye anipe kizibao. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema haya, ila Babu asiache kidonge chake hata siku moja, na nisimpe kitu chochote kipya bila kumuuliza yeye. Akanipa kitabu chenye ushauri wa kila umri: mtoto, kijana, mjamzito, mtu mzima, mzee.

Mlangoni nikakutana na Zenhumu. Naye anakitaka kizibao! Zenhumu anafagia na kupanga dawa kwenye famasi ya mtaa wetu, lakini koti jeupe halivui hata akienda kununua mkate. Kalamu tatu mfukoni. Inayoandika moja.

Nimekisoma kitabu chote, isipokuwa mwisho. Ukurasa wa wazee una herufi ndogo kama chawa. Nimeuacha. Wazee nawajua, ninaye mmoja nyumbani.

Jumanne, 30 Aprili

Siku ya msako. Nimekusanya chumvi, achari, vidonge vya supu, na biskuti za chumvi ambazo Babu anazificha ndani ya redio. Ndani ya redio! Nimeduwaa. Miaka yote hiyo tunadhani redio ni mbovu.

Kisha nikaitisha mkutano. Dada yangu Sabrini ana mimba ya miezi saba, mumewe yuko Kuwait, na damu yake ni pungufu. Kitabu kinasema chai ya kunywa pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma. Kwa hiyo nikapiga marufuku chai. Kwa wote. Babu akauliza yeye ana mimba ya miezi mingapi. Nikamjibu chuma ni chuma. Sabrini akanipokonya kitabu, akasoma kwa sauti kwamba mtu asubiri kama saa moja hivi baada ya kula, basi, hakuna marufuku yoyote. Nikamweleza kwamba wajawazito hawatakiwi kubishana, ubishi unaleta gesi. Akanirushia kandambili. Kwa mtu asiye na damu ana shabaha ya kutisha.

Mwanawe Nunu, miaka minne, hali kitu ila viazi vya pakiti. Nikamwaga viazi (nikavila, kijana anahitaji nguvu, ukurasa wa pili) nikajaza karoti mlemle ndani ya pakiti. Mbinu ya kishetani! Nunu akatia mkono, akatazama, akaning'ata kidole.

Jioni Babu hakula. Alisema mboga inamkumbusha godoro la jeshini. Hakuna chumvi, hakuna achari, hakuna chai, sasa yeye anaishi kwa sababu gani. Alisema hivyo akitazama dirishani. Hata mimi nikaona huruma.

Na papo hapo nikasikia matoazi barabarani. Cha-ching, cha-ching! Muuza erkisusi! Yale maji meusi ya mizizi, yenye povu, matamu bila sukari. Nikapiga hesabu haraka. Chumvi? Hakuna. Sukari? Hakuna. Chai? Hakuna. Mzizi umetoka ardhini, kaumba Mungu! Nikamshushia kikapu kwa kamba, nikapandisha glasi kubwa. Babu akanywa, akafumba macho, akaomba nyingine. Akasema ujanani alikuwa anakunywa hiyo kila baada ya mpira, na hakuna beki aliyempita.

Nimemwapisha asimwambie mtu. Zenhumu akisikia ataiiba. Babu ameshika sharubu zake akaapa.

Bi Ibtihali alisema nimuulize kwanza. Lakini mtu anaombea ruhusa mizizi?

Jumatano, 1 Mei

Nimekwenda kwa muuza dawa za miti, nimenunua mizizi kilo nzima. Nimeiloweka kwa magadi kidogo kama inavyotakiwa, nikaichuja ndani ya mtungi wa kioo wa lita kumi. Unakaa chini ya kitanda changu. Babu anapata glasi nne kwa siku: mbili Mama akiwa kwenye cherehani yake, mbili Sabrini akianua nguo juu ya paa.

Babu ana furaha. Ameimba. Anakula mboga isiyo na chumvi bila kusema neno, kisha ananikonyeza.

Nimeanza kufikiria picha ya kitambulisho. Uso wa upande, nadhani.

Alhamisi, 2 Mei

Sijapata kushtuka hivi tangu nizaliwe. Nimempeleka Babu famasi ili Zenhumu ajionee mwenyewe. Mia na sabini!

Nikasema mashine imelewa. Zenhumu akajipima: mia na kumi na tano. Akanipima mimi: mia na hamsini, ila hizo ni hasira. Mbele ya wateja watano akauliza Daktari wa Bamia ana ushauri gani mwingine. Wakacheka. Mmoja alikuwa mama wa rafiki yangu, na nyumbani kwake nimekula mara nyingi.

Basi kuna mwizi wa chumvi nyumbani! Nimefanya upelelezi. Nimepekua matandiko ya Babu. Nimeinusa midomo yake akiwa amelala mchana. Mizizi tupu. Nimeilamba sahani yake. Safi. Kisha nikafungua kopo la nyuzi la Mama. Chumvi! Mama yangu mzazi! Hakuona haya hata kidogo. Alisema anatia kwenye sahani yake tu, tena kiasi, ana miaka arobaini na minane na presha yake ni ya msichana, na nikiligusa tena kopo hilo atanishona mdomo kwa uzi wa jinzi.

Lakini kwenye ya Babu hatii. Ameapa.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kama dawa ni nzuri na ugonjwa haushuki, tatizo ni nini? Dawa ni kidogo! Kuanzia kesho glasi sita.

Ijumaa, 3 Mei

Babu analalamika miguu mizito. Nimetazama. Vifundo vimejaa, soksi imeacha mchoro kama njia ya treni. Nimemwambia hizo ni nguvu, zinaanzia chini zinapanda. Akasema ajabu, kwa nini basi zinamchosha. Usiku alikuwa na mkakamao wa vigimbi. Nimemchua.

Baada ya sala, nje ya msikiti, Zenhumu akanivuta shati. Hakuwa na utani. Akasema ameiona miguu ya babu yangu, hajaipenda, afadhali nimuite Bi Ibtihali leo hii. Wivu! Nilimwona wazi. Anaona kizibao kinamponyoka. Nikamwambia akashughulike na ufagio wake.

Alipoondoka nikaona hajavaa koti. Mara ya kwanza. Sikulielewa hilo, nikaenda zangu.

Sabrini anakula dengu na kuzikamulia ndimu, ati kitabu kinasema ndimu inasaidia kupata chuma. Anasoma kila ukurasa. Ameniuliza mbona ule wa wazee siwahi kuutaja. Nimemwambia nimeuhifadhi kichwani.

Jumamosi, 4 Mei

Zenhumu ameniuza! Saa tano Bi Ibtihali kabisha hodi, na mfuko wake, na yule msaliti nyuma yake.

Mia na themanini na tano.

Mama alikaa chini. Bi Ibtihali hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akaingia jikoni, akaonja sufuria zote, akafungua makabati, akahesabu vidonge vya Babu. Vidonge sawasawa. Chumvi hakuna. Akasema kwa mshangao kwamba kwenye chumvi nimefanya kazi ya kweli, familia nyingi zinashindwa. Nilivimba! Nilimtazama Zenhumu mpaka akageuka.

Kisha akauliza Babu anakunywa nini.

Babu akanitazama. Mimi nikamtazama Babu. Nikasema maji, Bi.

Akauliza maji tu? Nikasema maji tu. Babu akazishika sharubu zake, akasema maji ya bomba, mwanangu, matamu ajabu.

Mama akashukuru Mungu. Bi Ibtihali akaandika barua: kesho saa mbili asubuhi Babu aonwe na daktari hospitalini, huenda kidonge hakimfai tena, kibadilishwe.

Kibadilishwe! Sasa fikiria. Akibadilishiwa kidonge, presha ikashuka, sifa anapata nani? Kidonge! Siku saba za jasho langu, halafu kidonge kinavalishwa kizibao. Haiwezekani. Lazima presha ishuke kabla hatujafika kwa daktari.

Jumapili, 5 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi Mama alitangulia kwenda kutafuta teksi. Sabrini alikuwa bafuni na Nunu. Nikampa Babu glasi tatu mfululizo. Ya tatu hakuitaka, akasema imetosha, tumbo limekuwa ngoma. Nikamwambia ya mwisho, Babu, kwa ajili yangu. Akainywa. Akasimama kutafuta kiatu, akashika meza, meza ikaja naye.

Nilipiga kelele. Zenhumu ndiye wa kwanza kupanda ngazi, pumzi hana, kandambili moja. Alimlaza Babu ubavu, akamfungua kola, akamshika mkono akihesabu. Tulimshusha kwenye kiti, yeye kichwani, mimi miguuni. Miguu ya Babu ilikuwa mizito na ya baridi.

Mia mbili na kumi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya zamu, akasema madini ya damu yameshuka vibaya, moyo unadunda ovyo, na haelewi. Akatuuliza mmoja mmoja. Fesikhi? Hapana. Dawa za kienyeji? Hapana. Amekunywa kitu chochote? Mama akaapa: maji tu. Bi Ibtihali alikuwa amefika, akasema ameonja sufuria zote yeye mwenyewe. Nikatazama sakafu. Sakafu ya hospitali ina vigae vya kijani, kimoja kimepasuka.

Adhuhuri Babu akafungua macho. Wote tukamkimbilia. Mama akambusu paji la uso, akamuuliza anataka nini, baba, sema chochote.

Akasema glasi ya erkisusi.

Mama akanigeukia. Kisha Babu akaendelea, maskini, kwa furaha kabisa, ile ya mtungi wa Shauki, si ya barabarani, ya Shauki ina povu zaidi.

Daktari akashika kichwa. Akauliza glasi ngapi kwa siku. Babu akaonyesha vidole sita, akafikiri, akaongeza vitatu vya leo. Sabrini akatoa kitabu kwenye mkoba, akafungua ukurasa wa wazee, akanisomea mstari wa tatu mbele ya wodi nzima. Mwenye presha asinywe erkisusi. Mzizi huo hufungia maji na chumvi mwilini, hupandisha presha, hupunguza madini, huvuruga moyo.

Mzizi! Mzizi mtamu, wa ardhini! Nani angedhani? Nimeshtuka kuliko wote mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyenionea huruma.

Jumatatu, 6 Mei

Shamu Nasimu, na sisi tuko wodini. Mama kaleta mayai ya kuchemsha aliyoyapaka rangi na Nunu, vitunguu vya majani na saladi. Babu kala yai bila chumvi, akalisifu. Mzee wa kitanda jirani, mgonjwa wa figo, kaletewa fesikhi ndani ya buti la mvua! Harufu ilijaa wodi, muuguzi akaja mbio akidhani kuna maiti imesahauliwa. Babu alifuata buti lile kwa macho mpaka lilipotolewa nje. Baadaye akanong'ona kwamba ni saizi arobaini na tatu.

Mia na sitini na tano, inashuka.

Saa kumi nilipita bustanini. Zenhumu kavaa kizibao. Cha buluu. Kinamkaa vibaya mabegani, hilo niliandike. Alikuwa anamweleza bibi mmoja kwamba fesikhi si ya mjamzito wala ya mwenye presha. Bibi akamwita daktari. Akasema hapana, mama, mimi nafagia famasi. Mjinga! Nafasi kama ile!

Aliniona. Akaniuliza hali ya Babu. Nikasema nzuri. Akanipa yai.

Jumanne, 7 Mei

Babu amerudi nyumbani. Mia na arobaini na mbili! Kwa haki ya Mungu, ukihesabu kuanzia Jumatatu ile, Programu yangu imemshusha kumi na nane. Katikati ilipanda kidogo, nakubali, lakini njia ipi haina kilima? Nimekwenda kumweleza Bi Ibtihali hesabu hiyo. Amefunga mlango. Nimemweleza kupitia tundu la ufunguo.

Haidhuru. Nimepata jambo kubwa zaidi. Sabrini atajifungua baada ya miezi miwili, na ukurasa wa watoto wachanga nimeusoma wote, hata herufi ndogo. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama matupu, hata maji hapana. Nimeelewa. Nitamwongezea mtoto maji ya mbegu za yansuni tu, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, apate usingizi. Hayo si chakula. Ni mimea. Nimeshaweka mbegu mahali ambapo Sabrini hatazipata.

Yaliyobaki si makosa yangu, nimeyachunguza yote. Chawa wa ukurasa wa wazee ni kosa la mchapaji. Glasi sita ni kosa la Zenhumu, angesema ukweli wa miguu kwa lugha ya kirafiki. Maji ya bomba aliyasema Babu mwenyewe.

Liko moja tu. Sabrini ameniuliza mara mbili. Anasema alisikia kishindo akiwa bafuni, akampaka Nunu sabuni kichwani, akamsuuza, akamfuta, ndipo akasikia mimi nikipiga kelele. Nimemwambia kishindo kile kilikuwa ndoo.

Haikuwa ndoo. Babu alipoanguka sikukimbilia mlango wala simu. Nilikimbilia mtungi. Nilidhani Mama anarudi na teksi, atauona. Niliuinua sakafuni, nikaupeleka juu ya paa, ngazi kumi na nane, nikaufunika kwa gunia, nikarudi nikaosha glasi, nikaifuta. Ndipo nikapiga kelele. Dakika nne. Labda tano.

Na Babu hakuwa amezimia. Alikuwa amelala kati yangu na mlango, macho wazi, na ili nipite na ule mtungi ilibidi nimruke.

Hajamwambia mtu. Leo nilipompelekea maji alinywa yote, akanirudishia glasi, akaniuliza kama mtungi ulikuwa mzito.

Nikamwambia ulikuwa mzito, Babu.